Kadi ya Kusafiri nayo Dubai: Namna ya Kulinganisha Makato kabla ya Kuondoka

Msafiri anayekwenda Dubai kufuata mzigo huuliza swali moja dirishani benki kabla ya safari: je, kadi hii inafanya kazi nje ya nchi? Mhudumu hujibu kwamba inafanya kazi, naye huondoka ameridhika. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimfikishi mbali, kwa sababu karibu kila kadi yenye nembo ya Visa au Mastercard itakubaliwa katika maduka makubwa ya Deira, eneo la biashara la Dubai. Swali lenye uzito ni jingine: kwa kila dirhamu moja nitakayolipa kule, ni shilingi ngapi zitakazotoka kwangu huku, baada ya makato yote?

Mwongozo huu unafuata swali hilo hatua kwa hatua. Nimechagua Dubai kwa sababu wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanaifahamu kuliko mji mwingine wowote wa nje, na kwa sababu sarafu yake ina tabia inayorahisisha hesabu. Anayekwenda Muscat, Jeddah, Guangzhou au London atatumia njia ileile, na mahali inapobadilika nimepaeleza.

Fedha inapita wapi

Ukinunua kitu cha dirhamu 100 kwa kadi ya akaunti ya shilingi, fedha yako hupita mikono kadhaa kabla ya kumfikia mwenye duka. Kampuni ya mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, hubadilisha kiasi hicho kwa kiwango chake cha siku, na kiwango hicho hutangazwa kwenye tovuti yake ambako mtu yeyote anaweza kukiangalia bila malipo. Benki yako huongeza juu yake asilimia fulani kwa muamala wa nje, na mara nyingi asilimia hiyo huwa kati ya 1 na 3.5. Iwapo benki inalipana na mtandao kwa dola, yenyewe hubadilisha dola hizo kuwa shilingi kwa bei yake ya kuuzia, ambayo daima huwa juu ya bei ya kununulia. Ukitoa fedha taslimu, benki yako hukata ada ya kutoa nje, na benki yenye mashine inaweza kukata ada yake pia. Kati ya makato yote hayo, lile linaloandikwa kwenye kipeperushi ni moja au mawili. Mengine unayaona kwenye taarifa ya akaunti ukisharudi, na wengi wetu hatuisomi.

Sasa tabia ya dirhamu. Tangu mwaka 1997 dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango cha dirhamu 3.6725 kwa dola moja. Riyali ya Saudia nayo imefungwa kwa 3.75 kwa dola, na riali moja ya Oman ni sawa na takribani dola 2.60. Kwa hiyo mwenye dola mfukoni au kwenye akaunti anajua leo atapata dirhamu ngapi mwezi ujao, na mashaka yake yote yamebaki upande wa nyumbani, kati ya shilingi na dola. Anayekwenda London au Istanbul hana bahati hiyo, kwa kuwa pauni na lira hupanda na kushuka kila siku.

Hatua ya kwanza: gawa matumizi yako

Kabla ya kulinganisha kadi, andika kwenye karatasi utakachokwenda kulipia. Dhamana ya hoteli, mzigo, nauli, chakula, na akiba ya dharura havifanani, na hakuna kadi moja inayofaa kwa vyote. Hoteli, kwa mfano, itazuia kiasi fulani kwenye kadi yako unapoingia, na ukitumia kadi ya akaunti ya kawaida badala ya kadi ya mkopo, fedha hizo ni zako kabisa zilizofungwa. Zinaweza kukaa siku kadhaa baada ya wewe kuondoka ndipo zirudi kwenye salio. Mtu aliyebeba mtaji wa mzigo katika kadi hiyohiyo anaweza kujikuta mbele ya muuzaji huku sehemu ya mtaji imeshikiliwa na hoteli.

Wauzaji wengi wa jumla katika mitaa ya Naif na Al Ras hupunguza bei kwa anayelipa taslimu, na wapo wanaoongeza asilimia kwa anayelipa kwa kadi. Uliza jambo hilo kabla hujaanza kupatana bei, kwa kuwa ukishakubaliana nao ndipo ukatoa kadi, umewapa nafasi ya kuanza upya.

Hatua ya pili: chukua majibu ya benki kwa maandishi

Usiulize tena kama kadi inafanya kazi. Uliza haya, na uombe jedwali la ada lililochapishwa:

- Makato ya muamala wa nje ni asilimia ngapi, na je, yanatozwa hata kama nimelipa kwa dola kutoka akaunti ya dola?
- Muamala wa dirhamu unabadilishwa kwa kiwango cha nani, cha mtandao wa kadi au cha benki?
- Kutoa fedha nje kunagharimu kiasi gani kwa kila mara, na kuna asilimia juu ya ada hiyo?
- Kuulizia salio kwenye mashine ya nje kunakatwa, na muamala uliokataliwa je?
- Kikomo cha siku ni kiasi gani dukani, na kiasi gani kwenye ATM?
- Kadi ikimezwa na mashine au ikiibiwa, ninapiga namba gani nikiwa nje, na ya pili inanifikiaje?

Swali la nne huwashangaza wengi. Kuna benki zinazotoza kwa kuulizia salio tu, na msafiri mwenye wasiwasi anayeangalia salio kila jioni anajikata mwenyewe kidogokidogo.

Ukiwa na kadi ya kulipia kabla, ambayo hujazwa fedha kwanza ndipo itumike, ongeza maswali mengine: kuipata kadi ni kiasi gani, kujaza kunakatwa nini, kadi isiyotumika kwa miezi kadhaa inaanza kuliwa na ada gani, na fedha iliyobaki nikitaka kuitoa narudishiwa kwa kiwango kipi. Kadi hizi hutangazwa kama kadi za wasafiri, na baadhi hubeba sarafu kadhaa kwa pamoja, lakini faida ya mtoaji mara nyingi imejificha katika kiwango cha kubadilisha siku ya kujaza, si katika ada yenye jina.

Hatua ya tatu: piga hesabu moja kwa kadi zote

Hapa ndipo kazi ilipo. Usilinganishe ada na ada, kwa sababu kadi yenye ada sifuri inaweza kuwa na kiwango kibaya, na kadi yenye ada inaweza kuwa nafuu. Chukua kiasi kimoja cha dirhamu, tafuta jumla ya shilingi zitakazotoka kwako hadi dirhamu hizo zifike kwa muuzaji, kisha gawanya. Namba inayobaki ndiyo bei ya dirhamu moja kwa kadi hiyo.

Tuseme unalipa dirhamu 3,000. Tuseme pia kiwango cha katikati, yaani kile kilicho kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, siku hiyo ni shilingi 2,500 kwa dola, na benki inauza dola kwa 2,540. Viwango hivi ni vya mfano tu. Weka vya siku yako. Dirhamu 3,000 ukizigawa kwa 3.6725 unapata dola 816.88, na kwa kiwango cha katikati hizo ni shilingi 2,042,200, yaani shilingi 681 kwa dirhamu. Hakuna msafiri anayepata bei hiyo, lakini ndiyo kipimo cha kuanzia.

Kadi ya akaunti ya shilingi: benki inabadilisha kwa 2,540 na kuongeza asilimia 3. Jumla ni takribani shilingi 2,137,000, na dirhamu moja imekugharimu shilingi 712.

Kadi ya akaunti ya dola: ulinunua dola nyumbani kwa 2,540, na benki inakata asilimia 1 kwa muamala wa nje. Zinatoka dola 825, ambazo ni shilingi 2,095,600, nayo dirhamu imekuwa shilingi 698 na senti.

Kadi ya kulipia kabla yenye mfuko wa dirhamu: mtoaji anakupa dirhamu 3.58 kwa dola siku ya kujaza, nawe umelipa shilingi 25,000 kupata kadi. Jumla inafika 2,153,500, na dirhamu moja ni shilingi 718. Angalia kwamba kadi iliyotangazwa kuwa haina makato ya nje ndiyo imekuwa ghali kuliko zote.

Dola taslimu: umenunua kwa 2,550 na kubadilisha Deira kwa 3.66. Jumla ni 2,090,200, sawa na shilingi 697 kwa dirhamu.

Kwa Dubai, na kwa nchi nyingine zenye sarafu iliyofungwa kwenye dola, kadi hupata tabu kuzishinda noti za dola kwa bei pekee. Maduka ya kubadilisha fedha ni mengi, yanashindana, na pengo lao kwa dola ni dogo. Unachonunua kwa kadi ni usalama, kumbukumbu ya malipo, na uwezo wa kudai ukidhulumiwa. Kama tofauti ni shilingi moja au mbili kwa dirhamu, mimi nalipia usalama huo bila kusita. Ikiwa ni shilingi 15, nabeba sehemu taslimu na sehemu kwenye kadi. Kumbuka tu kwamba Tanzania hutaka fedha taslimu zenye thamani ya dola 10,000 au zaidi zitangazwe forodhani, na Falme za Kiarabu hutaka zitangazwe zinapozidi thamani ya dirhamu 60,000.

Hatua ya nne: ijaribu kadi ukiwa nyumbani

Majibu ya dirishani na hesabu ya karatasi vinaweza kutofautiana na kinachokatwa. Wiki mbili kabla ya safari, nunua kwa kadi kitu kidogo mtandaoni kutoka kwa muuzaji wa nje anayetoza kwa dirhamu, hata cha dirhamu 20. Subiri siku tatu au nne, kwa kuwa kiasi kinachoonekana siku ya kwanza ni cha kushikilia tu na kinaweza kubadilika muamala unapofungwa, yaani unapokamilishwa na benki. Kisha fungua kikokotoo cha Visa au Mastercard kwenye tovuti yao, weka tarehe ambayo muamala ulifungwa, weka ada ya benki kuwa sifuri, na ulinganishe kiwango chao na kile ulichokatwa. Pengo unaloliona ndilo makato halisi ya benki yako, yawe yametajwa kwenye kipeperushi au hayakutajwa. Jaribio hili hukugharimu kidogo tu, na halihitaji kumwomba mtu yeyote taarifa.

Hatua ya tano: iandae kadi na laini ya simu

Benki nyingi hufunga matumizi ya nje na ya mtandaoni hadi mteja aombe yafunguliwe, iwe tawini au kwenye programu ya simu. Fungua, pandisha kikomo cha siku kama mzigo wako ni mkubwa, na angalia tarehe ya mwisho ya kadi.

Jambo linalosahaulika ni laini ya simu. Malipo ya mtandaoni, na hata kuiunganisha kadi na programu nyingine, huhitaji namba ya uthibitisho inayotumwa kwa meseji kwenye laini yako ya nyumbani. Ukifika na kuitoa laini hiyo ili uweke ya kule, namba haikufikii, na kadi yenye mamilioni inakuwa kipande cha plastiki. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kuondoka, na kama simu yako ina nafasi mbili, laini ya nyumbani ibaki humo.

Beba kadi mbili za mitandao tofauti, moja ya Visa na nyingine ya Mastercard kama unaweza, na usiziweke kwenye pochi moja.

Hatua ya sita: kwenye kaunta, chagua dirhamu

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mimi mwenyewe nilipoteleza. Nilikuwa nimenunua masanduku matatu na vitambaa katika duka moja la Deira, jumla dirhamu 1,150, na nikatoa kadi ya akaunti ya dola nikijiona mjanja. Kijana wa kaunta alichomeka kadi, akatazama kioo cha mashine, akabonyeza kitufe, kisha akanigeuzia niweke namba ya siri. Niliweka. Risiti ilipotoka niliikunja bila kuisoma. Usiku hotelini ndipo niliponyoosha karatasi ile na kuona mistari mitatu: dirhamu 1,150.00, chini yake dola 328.57, na katikati kiwango, 3.50. Kwa 3.6725 nilipaswa kukatwa dola 313.14. Dola 15 na senti zilikuwa zimeondoka kwa kitufe nisichokibonyeza.

Mashine za kupitishia kadi zinatambua kadi imetoka nchi gani na akaunti yake ni ya sarafu gani, ndipo zinauliza kama mteja anapenda kulipa kwa sarafu ya nyumbani au ya pale. Ukichagua ya nyumbani, anayebadilisha fedha ni mwenye mashine na benki yake, kwa kiwango wanachokipanga wao, na mwenye duka anaweza kupata mgao. Mwenye akaunti ya dola ndiye anayenaswa kirahisi, kwa kuwa neno dola kwenye kioo linafanana na akaunti yake na linaonekana kama rafiki. Ubaya ni kwamba makato ya muamala wa nje ya benki yako yanaweza kuongezwa vilevile, kwa kuwa malipo yamefanyika nje, hata kama sarafu ni ya kwako.

Kanuni ni moja: chagua sarafu ya mahali ulipo. Mwambie muuzaji neno dirhamu kabla hajachomeka kadi, omba uione mashine, na usiweke namba ya siri mpaka umeona alama ya AED, ambayo ni ya dirhamu, peke yake kwenye kiasi. Akiwa amekwisha kubonyeza, mwombe afute na aanze upya palepale. Nimefanya hivyo mara kadhaa tangu siku ile, na hakuna aliyekataa, ingawa wapo waliokunja uso.

Hatua ya saba: ATM

Mashine nayo itakupa swali lilelile kwa maneno mengine, ikikuonyesha kiwango na kukuuliza kama unakikubali. Ukikataa kiwango hicho bado utapewa fedha yako, na ubadilishaji utafanywa na mtandao wa kadi yako.

Kwa kuwa sehemu kubwa ya ada za kutoa hutozwa kwa kila mara, toa kwa mafungu makubwa. Tuseme mashine inatoza dirhamu 25 kila unapotoa: dirhamu 1,000 kwa mara moja zinakugharimu asilimia 2.5, lakini ukizitoa mara tano za dirhamu 200 umelipa asilimia 12.5, kabla benki yako haijakata ya kwake. Kadi ya mkopo usiitumie kwenye ATM isipokuwa umekwama kabisa, maana riba ya fedha taslimu huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Kadi za kwenye simu, na safari ya China

Kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia simu, kama ile ya Visa ya M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2022 kwa jina la GlobalPay, zinafaa kulipia tiketi, hoteli na tangazo la biashara kabla ya kuondoka. Zinafaa pia kwa kumlinda mtu, kwa sababu kinachoweza kuibwa ni salio uliloliweka tu. Lakini haziingii kwenye ATM, na hoteli inayotaka kuiona kadi kwa macho haitaridhika na picha. Zihesabu kama kadi ya shilingi: kiwango chake nacho kipimwe kwa hatua ya nne.

Anayekwenda Guangzhou au Yiwu akute mambo tofauti. Wachina wanalipana kwa Alipay na WeChat Pay, na tangu 2023 wageni wanaweza kuunganisha kadi zao za Visa au Mastercard na programu hizo. Alipay haitozi ada kwa malipo yasiyozidi yuani 200 kwa kadi ya nje, lakini juu ya hapo inatoza asilimia 3, ambayo inakaa juu ya makato ya benki yako. Kwa chai, teksi na chakula hiyo ni njia nzuri kabisa; kwa mzigo ni ghali. Unganisha kadi ukiwa bado nyumbani, meseji za benki zinapofika bila shida. Baadhi ya benki za Tanzania hutoa pia kadi za UnionPay, mtandao wa Wachina wenyewe, ambao unakubalika kule kuliko Visa na Mastercard. Anayekwenda China mara kwa mara aiulize kwanza.

Ndugu walioko Ulaya wanaokuja likizo Dar au Zanzibar wana chaguo ambalo mkazi wa hapa hapewi: kadi za Wise na Revolut, kampuni za fedha za mtandaoni. Wise hubadilisha kwa kiwango cha katikati na kuonyesha ada yake kando. Revolut katika mpango wa kawaida huongeza makato mwishoni mwa wiki, masoko ya fedha yakiwa yamefungwa. Wao pia waangalie mashine za hoteli zinazowapa bei kwa pauni au yuro.

Ukisharudi

Hifadhi risiti mpaka miamala yote imefungwa, kisha iweke taarifa ya akaunti mezani na upite mstari kwa mstari. Bidhaa uliyoirudisha na kurejeshewa fedha kwenye kadi itarudi kwa kiwango cha siku ya kurejeshwa, hivyo kiasi kinaweza kupungua kidogo bila mtu kukuibia. Dhamana ya hoteli ambayo haijaachiwa baada ya wiki mbili iulizie hotelini kwanza, ndipo uende benki. Muamala usioufahamu, au uliokatwa mara mbili, uripoti benki kwa maandishi siku unapouona: mitandao ya kadi huweka muda wa kudai, na benki nazo huhitaji siku zao za kuandaa madai, kwa hiyo anayengoja mpaka safari inayofuata hukuta dirisha limefungwa. Fedha iliyobaki kwenye kadi ya kulipia kabla, kama huna safari ya karibu, itoe kabla ada ya kutotumika haijaanza kuila.